Mgeni wa Pangani Apewe Mbuzi ya Nazi

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Korogwe. Mto Pangani ameuchota, ameufulia nguo, ameuvuka akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwao wazee hawauiti hata Pangani, wanauita Ruvu. Ila hakuwahi kuufuata hadi unakoishia. Desemba iliyopita tulipanga nyumba kwa siku nne ukingoni mwa mto huohuo, karibu na mdomo wake, tukaenda naye. Siku ya pili, saa tisa alasiri, alitoka barazani, akasimama, akaniita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tangu nimuoe bintiye: "Baba Zaina, njoo uone. Mto unarudi nyuma."

Kweli ulikuwa unarudi. Makuti, vifuu na gogo moja jeusi, vitu tulivyoviona asubuhi vikishuka kwenda baharini, sasa vilikuwa vinapanda kwenda bara, polepole, kama watu waliosahau kitu nyumbani. Nilimweleza kwamba hayo ni maji kujaa, kwamba bahari ikiinuka huusukuma mto ndani. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akavuta mkeka, akakaa palepale hadi magharibi, anatazama. Hakuna aliyekuja kumuuliza ataagiza nini. Hakuna aliyemwambia muda wa chakula umepita. Jikoni mke wangu alikuwa anachagua mchele, watoto wanagombania embe. Katika maisha yangu nimelala hoteli nyingi, nyingine za fahari, na sikumbuki hata moja iliyonipa mchana kama ule.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: Pangani, mji ulio kwenye mdomo huo wa mto, isikimbilie mahoteli makubwa. Ijenge maisha yake ya utalii juu ya nyumba za kujipikia, zile ambazo mgeni hupewa ufunguo, akafungua mlango, akawasha jiko lake, akaenda sokoni mwenyewe. Tena nyumba hizo ziwe za Wapangani.

Nasema sasa kwa sababu muda hautusubiri. Barabara ya lami kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo inajengwa, na juu ya mto linajengwa daraja la mita 525 kuunganisha mji wa Pangani na Bweni ng'ambo ya pili, mahali ambapo vizazi na vizazi vimekaa kusubiri pantoni. Nalifurahia daraja hilo kwa moyo wote. Mama mjamzito wa Bweni hatalia tena usiku akingoja kuvushwa. Lakini kila aliyeishi kando ya barabara mpya anajua kwamba bei ya kiwanja hupanda kabla basi la kwanza halijapita. Watu wenye mikoba ya fedha hawangoji lami ikauke. Na mwenye shamba la minazi la babu yake, ambaye ana mtoto wa kulipia chuo, atauza.

Wapo watakaosema nyumba za kujipikia ni mambo ya Wazungu. Hilo silikubali hata kidogo. Mvuvi wa Kojani anayetoka Pemba akavuka mkondo na kuja kupiga dago pwani ya Tanga, amefanya nini? Amekuja na sufuria yake, mchele wake na jamvi lake, akajenga kibanda cha makuti juu ya mchanga, akakaa wiki au miezi akila alichovua, kisha akaondoka upepo ulipogeuka. Dago ni nyumba ya kujipikia kando ya maji, na sisi tunalo neno lake tangu kale. Kilichobadilika ni kwamba anayekuja siku hizi ni mwalimu wa Morogoro na wanawe, au nesi wa Moshi, na yeye anataka kitanda, chandarua na choo safi.

Tena kwa familia zetu hoteli ni vazi la kuazima. Niliwaza hili sana siku zile nne, kwa sababu nilikuwa na mkwe. Mtu na mkwewe wana mipaka yao. Hamuwezi kupishana ukumbini mmoja amejifunga taulo. Hamuwezi kukaa meza moja ya kujichotea chakula, wewe ukimwona mama anabeba sahani kwenye foleni ya watu wenye nguo za kuogelea. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu, mlango wa mbele na wa uani, na baraza mbili. Mama alikuwa na upande wake, sisi wetu, na tulikutana kwenye chakula, mkekani, kila mtu na heshima yake. Ongeza watoto watano, kwa kuwa tulichukua na wa shemeji. Hoteli ingetuuzia vyumba vinne na ingetuhesabia vichwa kila mlo. Ndiyo maana watu wengi wa kipato chetu hawaendi likizo popote, wanakwenda kuwalemea ndugu, halafu tunasema Watanzania hawapendi utalii wa ndani. Wanaupenda. Wamekosa nyumba zenye jiko.

Jiko lenyewe sasa. Hapa nina lawama, na naitoa kwa mapenzi. Jiko la nyumba ile lilikuwa zuri kulitazama: majiko mawili ya gesi, friji, sahani nyeupe kumi na mbili, glasi za mvinyo, mashine ya kuchoma mkate, na kisu kirefu cha kukatia keki. Mke wangu alifungua kabati moja baada ya jingine. Hakuona mbuzi ya kukunia nazi. Hakuona kinu, wala kifumbu, wala chungu, wala mwiko wenye maana, na sufuria kubwa kuliko zote ilitosha wali wa watu watatu. Tuko Pangani, wilaya ambayo minazi imeifuata barabara kwa kilomita na kilomita, ndani ya nyumba iliyopangishwa kwa ajili ya kupika, na hatuwezi kukuna nazi! Aliyeipanga nyumba ile alimpangia mgeni mmoja tu akilini mwake, na mgeni huyo hakuwa sisi.

Kijana anayetunza nyumba aliona aibu kama kosa ni lake. Akaruka uani kwa jirani, akarudi na mbuzi iliyokaa miaka mingi, mbao yake imekuwa laini na nyeusi kwa kukaliwa, meno yamenolewa hadi yamepungua. Nyuma yake akaja mama mwenyewe mwenye mbuzi, na kifumbu mkononi, kuhakikisha tunajua kazi. Mama mkwe wangu akamwamkia, yeye akamwitikia, wakatazamana, wakaulizana za kwao. Ndani ya nusu saa walikuwa wamekaa uani pamoja, mmoja anakuna, mwingine anakamua, tui la kwanza limewekwa pembeni, la pili linachemka na samaki, na habari za Korogwe na za Pangani zimeshafika kwenye majina ya watu. Urafiki ule haukuwa kwenye bei ya nyumba, wala hakuna hoteli inayoweza kuuza kitu kama hicho. Ulitokana na kitu kilichokosekana jikoni, na mtu wa jirani aliyekuwa karibu kiasi cha kuazimwa.

Asubuhi yake nilikwenda dikoni kununua samaki. Ngalawa zilikuwa zimeingia, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, na mnada umepamba moto: changu, tasi, kolekole mmoja aliyewafanya watu wanyamaze, na ndoo za kamba wa mtoni. Nilisimama nyuma kama mtu wa bara. Mama mmoja mchuuzi akaniona nilivyoshangaa, akanivuta kwa sauti: "Mjomba, usinunue huyo, jicho lake limelala. Ngoja hao wanaoshushwa." Nikangoja. Nikanunua tasi watano, yeye akanionyesha kijana wa kuwaparua magamba, kijana akanionyesha bibi wa ndimu na pilipili, bibi akaniuliza kama nina mkaa.

Usiku nilikaa nikahesabu tumewapa fedha watu wangapi mjini pale kwa siku zile. Mvuvi, mchuuzi, mparuaji, bibi wa ndimu, mwenye mkaa, mama wa vitumbua aliyekuja mlangoni kila alfajiri, kijana wa bodaboda, muuza mchicha na muhogo, mwenye duka la mchele, fundi aliyetuuzia mkeka, nahodha. Watu 11, na simtaji mwenye nyumba wala mtunzaji wake. Kila mmoja alipokea kidogo, lakini alipokea mkononi, siku ileile, na jioni fedha hiyo ilikuwa bado Pangani. Mgeni wa hoteli iliyolipiwa kila kitu huko alikotoka hupita juu ya watu hawa wote kama ndege ya juu. Chakula chake kimekuja na lori. Akitaka nazi, analetewa imetobolewa na mrija ndani, na hajui imetoka kwenye mnazi wa nani.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kujipikia analishika jembe tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana anaupata mji kwa namna ambayo mwingine hawezi kuupata.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa mto huu hulijua akikaa nyumbani, halijui akikaa hotelini: saa za maji. Mwambao wetu una saa yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukauka saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata hujichelewesha kwa dakika 50 hivi, hadi yafike maji mafu, yale ya nusu mwezi, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ni urefu wa ukuta wa nyumba, mara mbili kwa siku, unaingia mtoni na kutoka.

Mimi nilijifunza kwa kukataliwa. Nilimfuata nahodha mmoja nikamwambia kesho saa nne asubuhi tunataka kwenda juu ya mto. Alinitazama kwa huruma. "Saa nne maji yanakwenda zao, mzee. Utakwenda na matope. Nileteeni bibi saa tisa, maji yatatupeleka yenyewe." Tukaenda saa tisa. Akazima injini muda mrefu kuliko alivyoiwasha, na mto ukatubeba kweli, kinyume na mwendo wake. Kushoto na kulia mikoko imesimama ndani ya maji kwa mizizi iliyojipinda, mililana mbele inayopigwa na wimbi, mikandaa nyuma yake, na kwa kadiri tulivyopanda mikoko ikapungua, minazi ikasogea hadi ukingoni. Mdiria mmoja alitutangulia kijiti kwa kijiti. Penye ukingo wa tope nahodha akatuonyesha kwa kidevu, bila kunyoosha mkono: mamba, kama gogo lililotupwa, kinywa wazi. Watoto walioomba kuogelea hawakuomba tena.

Mama mkwe wangu alichovya kidole, akaonja. Uso ukabadilika. "Chumvi," akasema, "Ruvu imekuwa chumvi," kama mtu anayepewa habari mbaya ya mtoto aliyehamia mjini. Nahodha akamwambia, "Bibi, wakati wa baba yangu hapa palitekwa maji ya kunywa kwa kupwa. Siku hizi chumvi inapanda mbali." Akatuonyesha minazi iliyobaki shina tupu bila kichwa, imesimama kama nguzo za nyumba iliyoungua.

Sababu anazijua kila mtu aliyeufuata mto huu wa kilomita 500 hivi toka vyanzo vyake kwenye Kilimanjaro na Meru. Maji matamu ndiyo yanayoizuia bahari isipande. Yakipungua, bahari husogea. Juu huko kuna mifereji ya umwagiliaji isiyohesabika, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu la miaka ya 1960 linaloshika na kuachia maji kwa ratiba yake, kuna mitambo ya umeme ya Hale iliyowashwa mwaka 1964 na ya New Pangani Falls ya mwaka 1995. Umeme huo ndio unaowasha taa ninayoandikia, na mpunga huo tunaula. Siwalaumu wakulima. Ila anayejenga nyumba ya wageni mdomoni mwa mto ajue kwamba yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni ya maji, pamoja na jirani zake, na asifanye kana kwamba ni wa kwanza. Kisima kikichimbwa karibu na ukingo na kuvutwa kwa pampu kutwa, chumvi huingia, na haiingii kwa mchimbaji peke yake. Kwa hiyo nyumba hizi zivune maji ya mvua kwenye mabati yake, ziwe na matangi ya kutosha kiangazi, na zisiwe na bwawa la kuogelea. Sitaki kulizungushia maneno hilo la bwawa. Kujaza bwawa la maji matamu mahali ambapo mama anabeba ndoo kichwani ni kumpora.

Na zisogee nyuma. Miaka michache iliyopita nililala nyumba nyingine, kwenye hori lingine la pwani yetu, nyumba iliyosifiwa kwa sababu mgeni anaweza kushusha miguu majini akiwa barazani. Ilikuwa bamvua la mwezi Machi. Saa kumi alfajiri niliamshwa na harufu, nikawasha taa. Maji yalikuwa yanapanda kupitia tundu la bafuni, meusi, na kaa wawili wadogo wanakimbia sakafuni. Shimo la choo lilikuwa limechimbwa hatua chache tu kutoka kwenye maji, na bahari ilipoinuka ililijaza, ikalirudisha ndani. Asubuhi yalipokupwa, niliona kilichokuwa shimoni kinatoka taratibu kuelekea mahali ambapo wanawake wa kijiji walikuwa wanachokoa chaza. Mwenye nyumba aliniomba radhi na kunirudishia nusu ya fedha. Wale wanawake hakuna aliyewaomba radhi. Ukuta wake wa mawe wa kuzuia mawimbi ulikuwa umelinda bustani yake kweli, lakini wimbi lililokataliwa pale lilikwenda kula ufuko wa jirani, na minazi miwili ilikuwa imelala chini, mizizi hewani.

Sheria ya kuzuia mambo haya tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufuko wa bahari. Mikoko ni hifadhi ya serikali, na haukatwi hata mmoja bila kibali. Lakini tembea pwani yetu uone ni kuta ngapi zimesimama ndani ya mita hizo 60, na ni mapengo mangapi ya mikoko yaliyofunguliwa "kwa ajili ya mandhari". Mgeni asiyeyajua mambo atakwambia mikoko inaziba mto usionekane. Mwambieni bila mikoko hiyo hakuna kamba anaokula, kwa sababu wanakulia kwenye mizizi ile, na hakuna ukingo utakaobaki kushikilia nyumba yake. Baraza la nyumba yetu ya Desemba lilikuwa nyuma ya mstari wa mikoko, juu kidogo, na mto tuliuona kupitia matawi. Haukupungua uzuri.

Anayedhani nakuza mambo aende Maziwe, mwendo wa mashua kutoka Pangani. Wazee wanakikumbuka kisiwa chenye mivinje, na kasa waliopanda kutaga chini yake. Miti ilitoweka, mchanga ukabaki bila kishikio, na leo Maziwe, ambayo ni hifadhi tangu mwaka 1975, ni fungu jeupe linalozama bamvua likijaa. Kasa bado wanakuja kutaga pale kwa mazoea, na watu wa kijiji cha Ushongo huyahamisha mayai kwa mikono kuyaleta bara yasizame. Kisiwa kizima kiliondoka mbele ya macho ya watu walio hai.

Nirudi kwenye suala la nani atamiliki, kwa kuwa ndilo linaloniumiza zaidi. Kingo za mto huu zina historia ya kuchukuliwa. Katika karne ya 19 zilikuwa mashamba ya miwa ya matajiri, na walioikata na kuisaga walikuwa watumwa. Agosti 1888 Wajerumani walifika na bendera ya kampuni yao, Pangani ikawaka, Abushiri bin Salim akaongoza vita, na Desemba 1889 akanyongwa papo hapo Pangani. Miaka minne baadaye, huko Kikogwe ng'ambo ya mto, ilipandwa miche ya kwanza ya mkonge, 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo maeneo makubwa ya nchi yakageuzwa mashamba ya watu wengine kwa miongo mingi. Mara tatu ukingo huu umekuwa mali ya mtu asiyelala hapo. Sitapenda niione mara ya nne, ikija na vitanda vyenye neti nyeupe.

Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, lakini tunajua jinsi jina la shemeji au la dereva linavyoweza kuandikwa kwenye hati. Shela, kule Lamu, nyumba za mawe ziliuzwa moja moja, kwa bei ambayo kila muuzaji aliiona ni bahati, na sasa kijana wa Shela akitaka kuoa hajui atajenga wapi. Hata wenzetu wenye fedha yameshawashinda. Cornwall, Uingereza, ambako mito kama Fal na Fowey hupanda na kushuka na bahari kama Pangani, vijiji vizima vimegeuka nyumba za likizo ambazo majira ya baridi hazina taa. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives walipiga kura, zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga wakakubali kwamba nyumba mpya zisiuzwe kwa asiyeishi pale. Wales nayo, tangu Aprili 2023, inadai nyumba ya likizo iwe imepangishwa siku 182 kwa mwaka ndipo itozwe kodi kama biashara. Walichelewa. Sisi hatujachelewa.

Pangani ina mtaji ambao hauhitaji hata kiwanja kipya. Mji wa zamani, kando tu ya mto, umejaa nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, zinazodondoka dari kwa dari kwa sababu warithi ni wengi na fedha hakuna. Halmashauri ikikaa na benki na ukoo mmoja mmoja, nyumba hizo zinaweza kuezekwa upya, ghorofa moja akae mrithi, nyingine apangishe kwa wageni. Mafundi chokaa wapo. Maseremala wapo. Na leseni iwe nyepesi: mjane mwenye vyumba viwili asizungushwe ofisi sita kwa makaratasi yaliyoandikwa kwa ajili ya hoteli ya vitanda mia, kwa sababu akizungushwa atafanya kwa siri, kodi itapotea, na hakuna atakayekagua shimo lake la choo.

Najua pingamizi. Hoteli kubwa inaajiri, inalipa kodi inayoonekana. Ni kweli, na kijana aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi ana haki ya kuutaka. Najua pia kwamba wako wanaojipikia wasio na faida kwa mji, wanaokuja na gari limejaa maboksi ya barafu kutoka maduka makubwa ya Dar es Salaam, nyama, maji, mpaka vitunguu, wakafunga geti, wakaacha takataka. Kwa hao dawa ni mwenyeji mwenyewe. Mgeni akifika akute mezani karatasi moja: saa za maji za wiki hiyo, saa za ngalawa kuingia dikoni, mama wa vitumbua anapita lini, nahodha anapatikana wapi, wapi kuna mamba. Watu wengi hawaendi sokoni kwa kutojua njia tu.

Siku ya mwisho mke wangu aliosha mbuzi ya jirani, akaipeleka na sahani ya bamia na wali wa nazi, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sahani nayo ikarudi na maembe sita. Mama mkwe wangu alichelewesha safari kwa saa nzima kwa kuaga. Mimi nilipita sokoni, nikanunua mbuzi mpya, kifumbu, mwiko na sufuria ya kilo tatu, nikarudi navyo kwenye nyumba ile, nikavipanga nyuma ya mlango wa jiko, halafu kwenye ukurasa wa daftari la watoto nikaandika saa za maji za siku saba zijazo na kuubandika kwenye friji. Kijana mtunzaji aliniuliza amwambie nini bosi wake akiuliza mbuzi imetoka wapi. Nikamwambia amwambie ni ya nyumba.